Rangi za maji za kuchorea wanyama wa galaksi: nunua karatasi kwanza, rangi baadaye

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Boksi langu la kwanza la rangi za maji lilikuwa na rangi 48, nimelitoa stationari moja mjini, nikafika home na mzuka wote nikachora nyangumi anaelea angani na galaksi nyuma yake. Kilipokauka anga likawa na rangi ya maji ya kudekia, karatasi imejikunja kama chapati iliyosahaulika kwenye sahani. Nikaamini sina kipaji. Kumbe karatasi yenyewe ilikuwa ya gramu 120 na zile rangi nyingi zao zilikuwa unga mweupe uliopakwa rangi kidogo.

Kwa hiyo hii orodha nimeipanga kwa kitu kinachostahili hela yako kwanza mpaka kile unachoweza kukiacha kabisa.

Namba 1: karatasi

Nusu ya bajeti iishie hapa na sitanii. Ukichora ua unapitisha maji mara moja umemaliza, lakini galaksi unalowesha karatasi nzima, unadondosha bluu, unadondosha majenta, unasubiri ikauke, unalowesha tena, mara tatu mara nne. Karatasi nyepesi inaanza kutoa vinyuzi kama sweta kuukuu. Chini ya gramu 300 kwa mita ya mraba usijisumbue.

Alafu kuna ya pamba na ya mti. Ya pamba inakaa na maji muda mrefu so rangi zinaendelea kuingiliana taratibu zenyewe, ya mti inakauka vipande vipande na kila kipande kinaacha ukingo, unajikuta una ramani ya visiwa badala ya anga. Tena kama unachorea chini ya feni ndo kabisa. Angalia jalada la pedi, neno cotton lazima liwepo na asilimia 100, lisipokuwepo jua hiyo ni ya mti hata kama picha ya juu ni nzuri vipi.

Mpangilio wangu: Baohong ya pamba inaongoza, ni ya China, bei yake inavumilika na inabeba maji vizuri tu. Ya pili Arches ya Ufaransa, kwa ubora inaizidi Baohong lakini bei inauma mpaka unaogopa kuigusa, na mtu anayeogopa karatasi yake hachori. Ya tatu Canson XL, ya mti, hii ya mazoezi na ina kazi yake nitaisema mwishoni. Zote chukua zile zenye uso wa kukwaruza kidogo (cold press wanaziita), zile laini kabisa ni tamu kwa manyoya lakini anga kubwa linakusumbua. Ukipata bloku iliyogundishwa pembeni zote ni bora zaidi maana haijikunji, unaibandua picha ikishakauka.

Namba 2: rangi, tano tu

Achana na maboksi makubwa. Kwenye tyubu kuna code ya rangi, herufi na namba, imeandikwa kwa maandishi madogo, hiyo ndo jina halisi, yale majina ya mbele ni matangazo. Tafuta PB29 (bluu ya ultramarine), PB15 (bluu ya phthalo), PR122 (majenta), PV23 (zambarau) na burnt sienna (kahawia yenye wekundu) kwa ajili ya mnyama. Basi. Ultramarine ina tabia ya kuacha chembechembe kwenye vishimo vya karatasi, ikikauka inaonekana kama vumbi la nyota bila wewe kufanya lolote. Phthalo yenyewe ikishashika haitoki, weka kidogo. Nyeusi usinunue, changanya ultramarine na burnt sienna nzito unapata giza lenye uhai, nyeusi ya tyubu inaua anga.

Van Gogh ya Royal Talens na Cotman ya Winsor & Newton zote ni za kiwango cha wanafunzi na zinatosha kabisa, mimi naipa Van Gogh nafasi ya kwanza. Daniel Smith ni tamu lakini subiri umeuza picha mbili tatu. Ukiwa Dar, Tanga, Mombasa au popote pwani, Sennelier na M. Graham zina asali ndani, na kwa unyevu wetu huu zinachelewa sana kukauka kwenye kiboksi. Na ile pinki kali inayowaka, opera, inapauka ikikaa kwenye mwanga, usimuuzie mtu.

Namba 3: nyeupe ya nyota

Tyubu moja ndogo ya gouache nyeupe (rangi ya maji nzito inayofunika iliyo chini yake) na mswaki wa zamani. Izimue iwe kama uji mwepesi, chovya mswaki, vuta nywele zake kwa kidole gumba, nyota hizo zinaruka. Jaribu kwanza pembeni, na mfunike mnyama wako kwa kipande cha karatasi la sivyo simba atatoka na surua. Nyota kubwa chache na ule mng'ao wa jicho tumia kalamu nyeupe ya jeli, Uni-ball Signo inafaa. Chumvi nayo ipo jikoni bure: subiri maji yaliyotuama yaishe karatasi ibaki inang'aa tu, nyunyiza chembe chache, ikikauka kabisa ipanguse. Kila chembe inavuta maji na kuacha kidoa cheupe. Chache jamani, sio kama unakausha ng'onda.

Namba 4: brashi

Ya duara namba 8 ya sintetiki yenye ncha kali, namba 2 ya sharubu, na bapa ya inchi moja ya kulowesha anga. Za manyoya ya kindi waachie wenye hela.

Namba 5: gundi ya kuzibia

Ile ya mpira unayopaka juu ya mnyama rangi isimguse. Inaharibu brashi, na kwenye karatasi ya bei rahisi ukiibandua inaondoka na ngozi ya karatasi. Mimi niliacha.

Sasa kama hela imetosha Canson XL tu, usichore anga kubwa nyuma, iingize galaksi ndani ya mnyama. Twiga ameumbwa kwa kazi hii, kila baka unalilowesha peke yake, dogo, linakauka sawa kabla halijakushinda, na mistari kati ya mabaka ni weupe wa karatasi wenyewe. (Hata angani yupo, kundi la nyota la Camelopardalis maana yake ni twiga.) Ukishaweza huyo, nenda kwa kobe, vigae vya gamba lake ni mchezo uleule. Na usidhani nambandika anga kwa nguvu, Septemba 1968 Warusi walirusha kobe wawili ndani ya chombo cha Zond 5 wakazunguka mwezi wakarudi hai, binadamu wa kwanza kuuzunguka walikuja Desemba na Apollo 8 ya Wamarekani. Mimi wangu nilianza na kigae cha katikati, ultramarine na majenta, chembe tatu za chumvi.