Praima ya maji ya Vallejo, kwa sisi tunaopaka modeli ndani ya fleti

Nianze na harufu, maana ndiyo iliyoniamulia. Naishi fleti ya juu Michenzani, na mwanangu wa mwisho ana pumu. Yale makopo ya kupuliza ya maduka ya vipuri vya magari hayaingii kwangu: tina yake hushika mapazia mpaka kesho yake, na mengine hula plastiki laini ya modeli, haya magari madogo ya kuunganisha. Kwa hiyo ninapoisifu Surface Primer ya Vallejo, praima yao, yaani rangi ya chini inayopakwa kwanza ili rangi yenyewe ishike, naisifu nikiwa mtu anayepaka kwenye meza ileile ambayo usiku watoto wataandikia hesabu zao.

Vallejo ni kampuni ya Hispania, na praima yao ni ya maji: akriliki iliyochanganywa na poliyurethani. Huja kwenye kichupa chenye mdomo wa kudondoshea, cha mililita 17, 60 au 200. Wifi yangu hunibebea kutoka Dubai. Hilo nalo ni jambo kwetu visiwani, kwa sababu kopo la rangi la gesi inayowaka huwezi kupanda nalo ndege, si mkononi wala kwenye begi la mzigo.

Kazi niliyonayo mezani sasa ni Land Rover Series III ya Revell, ile ndefu ya 109, kwa kipimo cha 1:24. Marehemu baba alikuwa na kama hiyo Wete, na msimu wa karafuu ilikuwa hailali. Nataka itoke kama ninavyoikumbuka, na riveti zake zote zionekane. Praima nene ingezizika.

Kabla ya yote, vipande vioshwe. Plastiki hutoka kiwandani ikiwa na mafuta ya kalibu, na hakuna praima inayoshika juu ya mafuta. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani, kisha unavianika juu ya kanga safi. Mtu akiruka hatua hii, siku ya kubandua utepe wa kuzibia, rangi itabanduka pamoja nao.

Kichupa kitikiswe sana, mpaka uchoke, halafu praima iingie kwenye eabrashi, ile kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa ya kompresa, ikiwa vilevile ilivyo. Usiiongeze maji ya bomba. Ukiilainisha kwa maji inakimbia bapa za mlango na kujikusanya kwenye pembe, na ngozi yake inakuwa dhaifu. Tundu la milimita 0.4 linaipitisha vizuri, kwa mgandamizo wa hewa wa pauni 15 hadi 20 kwa inchi ya mraba. Mkono wa kwanza wa praima uwe mwepesi kabisa, plastiki bado inaonekana chini yake. Mkono wa pili ndio unaofunika.

Na hapa ndipo ninapoipenda. Ikiwa bichi inatisha: nzito, inang'aa, riveti zimezama, mistari ya milango imejaa. Mgeni wa kazi hii atataka kuiosha yote papo hapo. Aiache. Maji yanapotoka ile ngozi inajivuta, inashuka, inalala juu ya plastiki, na riveti zinarudi moja moja mpaka zile ndogo za pembeni mwa boneti. Kijivu kinachobaki ni kimoja kila mahali, na kila mkwaruzo na kila alama ya gundi unaiona kabla rangi yenyewe haijagusa gari.

Lakini inataka subira, na hewa yetu inaiongezea. Baada ya nusu saa kidole kinakwambia imekauka. Kidole hakijui cha ndani. Rangi ya maji hukauka kwa maji kuingia hewani, na hewa ya Unguja wakati wa masika tayari imeshiba. Kaskazi ikivuma naiachia usiku na mchana kamili; masika naiongezea siku ya pili, modeli ikiwa chini ya beseni lililogeuzwa kifudifudi lisiingie vumbi, huku nimeliinua kwa vijiti ili hewa ipite.

Msasa ndio unaofichua asiye na subira. Praima hii haitoi unga kama zile za tina. Ukiisugua mapema inajiviringisha kama raba na kuchanika. Basi kazi ya kujaza nyufa na kulainisha imalizwe kabla ya praima, na ukilazimika baadaye, tumia msasa laini uliolowanishwa, kwa mkono mwepesi. Anayependa kusugua sana juu ya praima atahudumiwa vizuri zaidi na Mr. Surfacer ya Japani, ila hiyo ni ya tina, na mahali pake ni uani, si chumbani.

Kompresa nayo ina lake. Inavuta hewa hii hii yenye unyevu, inaibana, na maji yanajitenga ndani ya mpira. Bila kichujio cha maji, tone moja litatemwa katikati ya bapa uliyoipaka vizuri. Nakimwaga kila ninapokaa kufanya kazi.

Jambo moja nawaomba wenzangu mlizingatie. Kukosa harufu si ruhusa ya kuvuta. Matone yanayoelea ni plastiki, na mapafu hayajui kwamba ilikuja na maji. Mimi navaa barakoa ya kuzuia chembechembe, feni naiweka dirishani ikitazama nje ili itoe hewa, na mtoto haingii chumbani mpaka nimalize na pakae kwa muda.

Umeme ukikatika, praima hii inakubali brashi pana laini. Uipitishe mara moja, usirudi palipoanza kukauka; michirizi itajisawazisha yenyewe. Eabrashi ioshwe hapo hapo kwa maji, kwani praima ikishaganda ndani ya tundu maji hayaiwezi tena, mpaka spiriti.

Juu yake nimepaka kijani cha Model Color, rangi za Vallejo hao hao, kwa brashi, nimekilainisha kwa matone machache ya maji, mikono mitatu myembamba. Kimeshika tangu mkono wa kwanza, na utepe nilioubana kwenye kofia nyeupe ya gari, yaani paa lake, umetoka bila kuchukua kitu.

Anayeanza aagize kijivu, kichupa cha 60. Cha 17 ni kidogo kwa gari la ukubwa huu, na cha 200 ni cha mtu mwenye foleni ya modeli. Nyeusi nunua ukiwa na rangi za chuma za kupaka juu yake. Nyeupe inafunika polepole na hula mikono mingi, kwa hiyo hata kofia ya Land Rover nimeianzia kwenye kijivu.