Kipimo cha siki katika kituo cha afya: chumbani nyota tano, kwenye benchi nyota mbili

Nilikwenda kupimwa saratani ya mlango wa kizazi katika kituo cha afya cha serikali jijini Dar es Salaam nikiwa na miaka 38 na bila dalili yoyote, kwa kuwa wanaolengwa na huduma hii ni wanawake wa miaka 30 hadi 50 ambao bado hawajaugua. Sikulipa chochote. Mapokezi, hata hivyo, yalinikera: karani alitaja kwa sauti huduma niliyoifuata mbele ya benchi lililojaa watu, wanaume wakiwemo, na sitamlaumu mwanamke atakayegeuka na kurudi nyumbani.

Baada ya kusubiri saa tatu nilimpata muuguzi aliyefunga mlango kwanza, akaeleza kabla ya kunigusa. Ugonjwa huu, alisema, husababishwa karibu wakati wote na virusi vya HPV, ambavyo wengi wetu huvipata na mwili ukavimaliza wenyewe. Visipoondoka, hasa aina ya 16 na ya 18, hubadilisha chembe za mlango wa kizazi polepole, kwa kawaida kwa miaka 15 hadi 20, ingawa kwa mwenye kinga dhaifu muda huo hupungua. Kisha akapaka siki ya hospitali kwa pamba, tukasubiri kama dakika moja, na pakatokea doa jeupe, alama ya chembe zilizobadilika.

Nilishtuka. “Hii si saratani, dada,” akaniambia, “hiki ndicho tunachokitoa ili isiwe saratani.” Kwa sauti ileile tulivu akafafanua kwamba doa dogo linaloonekana lote huunguzwa kwa kifaa cha joto palepale, kubwa zaidi hukatwa katika hospitali ya rufaa, na likishukiwa kuwa saratani yenyewe huchukuliwa kipande kidogo cha nyama cha kupimwa maabara, ikithibitika mapema upasuaji unaweza kutosha, ikiwa imesambaa mgonjwa huhitaji mionzi pamoja na dawa za saratani, kama zinavyotolewa Ocean Road, taasisi ya saratani jijini. Langu lilikuwa dogo. Tiba haikufika dakika mbili, maumivu yakiwa kama ya hedhi, na niliondoka kwa miguu yangu nikiwa nimeelezwa kutarajia majimaji kwa wiki kadhaa na kutokutana na mume wangu kwa wiki nne.

Kasoro nyingine ni kwamba maelekezo hayo yote yalitolewa kwa mdomo tu. Karatasi moja ingetosha. Mama mkwe wangu, mwenye miaka 60, niliyekuwa nimeandamana naye, hakupimwa kwa siki kwa sababu baada ya hedhi kukoma sehemu inayotazamwa hurudi ndani, hivyo alielekezwa penye kipimo cha HPV. Alinung’unika njia nzima. Mimi nilifurahi kwamba hawakumpima ili mradi kujaza daftari.

Natakiwa kurudi baada ya mwaka mmoja. Nitarudi kwa muuguzi yuleyule, saa moja asubuhi, kabla benchi halijajaa.