Seva ya programu yako ya wavuti: uweke mfumo gani?

Ukishalipia VPS (seva ya kukodi mtandaoni), ukurasa unaofuata unakuuliza: mfumo endeshi gani? Wengi hubofya wa juu kabisa kwenye orodha. Mwaka 2021 nami nilibofya Ubuntu 21.10, mmoja wa mifumo ya Linux, kwa kuwa ndiyo ilikuwa mpya kuliko zote. Kumbe matoleo ya aina hiyo hupewa masasisho miezi 9 tu. Muda ukaisha Julai 2022. Siku moja naandika apt update (amri ya kutafuta masasisho), najibiwa 404, yaani hakipatikani, mstari kwa mstari, na kwenye seva lipo duka la mteja. Usiku ule nilihamisha kila kitu.

Tangu hapo natazama mambo mawili: miaka ya matunzo, na RAM inayobaki mfumo ukishachukua yake.

Namba moja kwangu ni Debian. Toleo la 13 lilitoka Agosti 2025, na kila toleo hutunzwa miaka 5 ukijumlisha kipindi cha LTS (matunzo ya muda mrefu). Haina mbwembwe wala leseni ya kulipia. Kwenye mashine ya RAM GB 1 ambayo bado haijawekwa kitu, amri ya free -m kwa kawaida hunionyesha matumizi ya RAM yasiyofika hata robo. Nyingine yote ni ya Nginx (inayopeleka kurasa kwa wageni), PostgreSQL (hifadhidata) na kazi yako. Ubaya wake, vifurushi vyake (programu unazozipakua kutoka kwake) huchelewa. Ukitaka toleo la juzi la PHP, lugha ya kuandikia tovuti, uongeze chanzo kingine.

Inafuatia, kwa pua tu, Ubuntu LTS: zile za mwezi wa nne katika miaka ya shufwa, kama 22.04 na 24.04. Nazo ni miaka 5, na Ubuntu Pro, huduma ya matunzo ya ziada ambayo mtu binafsi huipata bure kwa mashine 5, huifikisha 10. Kama hii ndiyo seva yako ya kwanza, ipandishe juu ya Debian, maana maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikiwa yenyewe.

AlmaLinux ni ya tatu. Ni kimbilio la tuliokuwa CentOS 8, Linux nyingine ya seva, iliyokatishwa mwisho wa 2021 wakati tuliahidiwa hadi 2029. AlmaLinux 9 inafika 2032. Jiandae tu kwa SELinux, mlinzi wake wa ndani: faili lipo, ruhusa ziko sawa, kivinjari bado kinasema 403, yaani umezuiwa. Watu huizima kwa hasira. Usiizime, jaribu kwanza restorecon, amri inayorudisha lebo sahihi za SELinux kwenye faili.

Windows Server naiweka mwisho. Leseni yake utailipia kila mwezi, na ile yenye madirisha haikubali RAM chini ya GB 2. Ichukue ikiwa programu yako ni ya .NET Framework ya zamani (jukwaa la programu la Microsoft) inayotegemea IIS, seva ya wavuti ya Windows; .NET mpya inakwenda kwenye Linux tangu 2016.

Na FreeBSD, mfumo mwingine wa bure usio Linux? Netflix hurusha filamu zake kutoka humo, lakini ukikwama saa nane usiku utampigia nani?

Seva yangu ya sasa bado ina Debian 12. Kwenye kalenda ya simu nimeandika siku matunzo yake yanapokoma: 30 Juni 2028.