Mamluki au jeshi la kudumu: kipi kilifaa zaidi?

Wapenzi wa historia ya Ulaya ya karne ya 15 hawaachi kubishania hili. Kwa gharama, mamluki wa Italia walishinda: mji-dola wa Florence uliwalipa kwa mkataba, vita vikiisha malipo yanakoma. Mfalme Charles wa Saba wa Ufaransa, aliyepigana na Waingereza na kuunda vikosi vya kudumu mwaka 1445, ilimbidi avilipe hata wakati wa amani, na mzigo wa kodi ukamwangukia mkulima.

Kwa uaminifu, mamluki walikuwa hatari tupu. Milan, mji mwingine wa Italia, ilimwajiri Francesco Sforza, kamanda wa mamluki, ailinde. Akaigeuka, akauzingira mji mpaka njaa ikawashinda watu, na mwaka 1450 akaingia kama mtawala.

Ukipima kwa jicho la mfanyabiashara wa Florence, mkataba unatosha. Ukiwa mfalme kama Charles, mwenye Waingereza mlangoni, lipa mishahara ya jeshi la kudumu.