Nilitredi kahawa nikiwa Moshi: mwelekeo niliupatia, akaunti ikaungua

Programu hii ya kutredi kwa simu nimeitumia kuanzia Oktoba 2024 hadi Machi 2025. Jina lake silitaji. Kampuni imesajiliwa kisiwani huko mbali na sina hela ya wakili. Naipa nyota mbili kati ya tano, na moja kati ya hizo ni ya chati zake, ambazo kwa kweli ni nzuri.

Mimi nauza vipuri vya pikipiki karibu na soko la Mbuyuni. Kabla ya hapo nilishaonja hisa za kawaida: nilikuwa na hisa 2,000 za benki ya CRDB nilizonunua kupitia dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, na mwaka 2024 gawio la shilingi 50 kwa hisa likaingia. Laki moja, ikakatwa kodi ya zuio asilimia 5, nikapokea 95,000. Nikaona ni polepole mno. Ndipo jirani mmoja wa fremu ya pili, ambaye siku hizi hashindi dukani bali kwenye simu, akanionyesha "hii kitu".

Kufungua akaunti kulichukua dakika kumi: kitambulisho cha NIDA, picha ya uso, basi. Kuna swali wanalouliza kuhusu uzoefu wako wa soko. Nikachagua "mkubwa", kwa sababu ukichagua "sina" wanakuletea onyo refu. Nikaweka laki tano kwa simu, zikafika dola 180 baada ya kubadilishwa na kukatwa. Nikaanza na dhahabu, mikataba midogo midogo. Oktoba ile dhahabu ilikuwa inapanda kila kukicha, kwa hiyo hata kipofu angepata. Kufika mwisho wa Novemba nilikuwa na dola 250. Hapo ndipo kiburi kilipoingia.

Niseme kwanza unachonunua, maana mimi nilichelewa kukielewa. Hununui dhahabu, hununui hisa, hununui kahawa. Unaingia mkataba wa tofauti ya bei na kampuni yenyewe: bei ikipanda wanakulipa tofauti, ikishuka unawalipa wewe. Mara nyingi anayeshika upande wa pili ni haohao wenye programu. Halafu kuna spredi, yaani pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Ukifungua tu unaanza ukiwa kwenye hasara. Na ukilala na mkataba wazi kuna ada ya usiku.

Sasa kahawa. Mimi ni mtoto wa Kibosho, kihamba cha baba kina kahawa chini ya migomba tangu kabla sijazaliwa. Habari za ukame wa Brazil tulikuwa tunazijadili nyumbani kama watu wanavyojadili mpira. Tarehe 10 Desemba 2024 bei ya arabika kule New York ilivunja rekodi iliyodumu tangu 1977. Nikasema hii naijua, haiwezi kuishia hapa. Jioni hiyohiyo nikanunua kwa takriban dola 3.40 kwa ratili.

Mkataba kamili wa New York ni ratili 37,500, zaidi ya tani 17, mtu wa Mbuyuni hawezi. Programu inakukatia kipande. Levereji waliyonipa kwenye kahawa, yaani mkataba unaweza kuwa mara ngapi ya dhamana yako, ilikuwa 50 kwa 1. Nikafungua mkataba wa thamani ya dola 5,000 nikiwa na dola 250 mfukoni. Dola 100 zikashikwa kama dhamana, 150 zikabaki huru. Kwenye karatasi ya duka nikaandika: bei ikipanda senti moja napata karibu dola 15. Upande wa pili wa karatasi sikuandika kitu.

Soko la kahawa la New York, kwa saa zetu za wakati ule, lilikuwa likifunguliwa saa sita na robo mchana na kufungwa saa tatu na nusu usiku. Kwa hiyo nilikuwa nafunga duka nikiwa na simu mkononi, nakula nikiwa na simu, mke wangu akaniuliza kama nina mwanamke mwingine. Bei ikaanza kurudi nyuma. Si kwa kishindo: wenye faida wanauza, wanapumzika, kama kawaida ya soko lolote. Kwa bei ya takriban 3.26 programu ikanifunga yenyewe, siku chache tu baada ya kuingia. Hiyo ni asilimia 4. Asilimia 4 ya bei ya kahawa ilikula dola 200 kati ya 250 zangu. Sikuulizwa. Ujumbe ulikuja saa mbili usiku, wa kistaarabu kabisa, "mkataba wako umefungwa".

Februari 2025 bei ilipita dola 4.

Nilipiga hesabu, sijui kwa nini nilijitesa: mkataba ule ungekuwa na faida ya zaidi ya dola 850 kabla ya ada za usiku. Nilikuwa sahihi kuhusu kahawa, na sahihi kuhusu Brazil. Kosa langu lilikuwa ukubwa wa dau kulingana na mfuko. Ningefungua mkataba wa dola 500, hata lile shuko la Desemba lingenipitia bila kuniangusha. Nilipomsimulia baba akanyamaza, kisha akauliza, "Hiyo kahawa uliyouziwa uliivunia wapi?" Sikuwa na jibu. Yeye ya kwake ipo kwenye mti, hakuna wa kumfungia saa mbili usiku.

Ulaya hawaruhusu hiyo 50 kwa 1 kwa mteja wa kawaida. Tangu 2018 wasimamizi wa Umoja wa Ulaya waliweka mwisho: 30 kwa 1 kwa sarafu kubwa, 10 kwa 1 kwa bidhaa kama kahawa, 5 kwa 1 kwa hisa moja moja. Pia akaunti haiwezi kushuka chini ya sifuri ukabaki unadaiwa. Wakati huo walieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo zinapoteza hela. Kwa nini kampuni zinakwenda kusajiliwa visiwani, sasa unajua. Mwenye kudhani deni chini ya sifuri ni hadithi akumbuke Januari 2015, benki kuu ya Uswisi ilipoacha ghafla kuizuia faranga isipande. Wapo walioamka wanadaiwa na madalali wao.

Kwenye kodi ndiko nilikopata somo ambalo sikulitarajia. Binamu yangu anaishi Reading, Uingereza, na yeye anabeti spredi: anaweka pauni kadhaa kwa kila pointi, bei ikienda pointi 20 upande wake anazidisha mara 20, ikienda kinyume analipa vivyo hivyo. Akaniambia kwa simu, "Kaka, huku hiyo haina kodi kabisa." Ni kweli, kwa mtu wa kawaida wa kule. Sheria yao inaihesabu kuwa ni kamari, kwa hiyo faida haitozwi kodi ya mtaji, wala hakuna ushuru wa stempu wa nusu asilimia unaolipwa ukinunua hisa zenyewe. Lakini sarafu hiyo ina upande wa pili: hasara nayo haitambuliwi. Mwenzake anayetumia mikataba ya tofauti ya bei, kama yangu, anatozwa kodi kwa faida inayozidi pauni 3,000 kwa mwaka, ila hasara zake anaweza kuzitoa kwenye faida nyingine. Ukikumbuka wengi wanapoteza, huo msamaha wa kodi ni zawadi ya wachache.

Mimi nikabeba neno la binamu kama lilivyo: hakuna kodi. Mama mmoja mhasibu, anayenisaidia mambo ya TRA, akanicheka. "Mwanangu, unakaa Reading au Mbuyuni?" Mkazi wa Tanzania anatozwa kodi kwa mapato yake ya dunia nzima, hata kama programu ni ya kisiwani na hela iko kwenye dola. Msamaha wa Uingereza ni wa Uingereza.

Halafu akaniambia jambo lililonishtua zaidi. Duka langu nalipia kodi ya makadirio, ile ya wenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka. Utaratibu huo ni wa mtu ambaye mapato yake yote ni ya biashara iliyoko hapa nchini. Ukiongeza faida ya kutredi nje, umejitoa kwenye urahisi ule, na unaingia kwenye ritani ya kawaida, yaani taarifa kamili ya mapato, yenye viwango vinavyofika asilimia 30, ya kuwasilishwa kabla ya mwisho wa Juni. Na hasara ya uwekezaji wa nje huruhusiwi kuitumia kupunguza faida ya duka. Inakwenda na faida ya uwekezaji wa nje tu. "Mwaka huu hasara ndiyo imekuokoa," akasema, hana hata huruma.

Gawio langu la CRDB, kumbe, lilishamaliza habari pale lilipokatwa ile asilimia 5. Na mkazi mdogo kama mimi akiuza hisa zilizoorodheshwa Dar es Salaam kwa faida hatozwi kodi ya mtaji. Si kwamba soko la nyumbani halina maumivu: waulize walionunua Vodacom kwa shilingi 850 mwaka 2017, wakaitazama kwa miaka mingi ikiuzwa chini ya hapo, tena wanunuzi wa kutafuta kwa tochi. Ila hakuna aliyefungiwa hisa zake usiku.

Kutoa hela: nilibakiwa na dola 50 na kidogo. Wakataka uthibitisho wa makazi, bili ya umeme. Mita ni ya luku na ina jina la mwenye nyumba. Tulibishana siku tisa na mtu wa huduma kwa wateja ambaye kila akijibu ana jina jipya, mpaka barua ya serikali ya mtaa ikamridhisha. Zikafika dola 47. Wakati wote huo programu iliendelea kuniahidi bonasi ya asilimia 100 nikiweka tena.

Kama unataka kufunga akaunti yako, pakua kwanza taarifa yote ya miamala, tangu siku ya kwanza. Mimi nilipoifunga historia ikapotea palepale, na mama mhasibu anaidai mpaka leo.