Mafundi wa plasta walionifaa Utawala: uzoefu wangu

Nyumba yetu ya Utawala, mtaa wa Nairobi, imejengwa kwa mawe ya Ndarugo. Paa lilipokamilika nilitafuta mafundi wa plasta, ndani na nje. Niliowachukua ni kikundi kidogo kinachozunguka kwenye mijengo ya huku Embakasi Mashariki, mafundi na watu wao wa mkono. Walinitoza shilingi 220 kwa mita mraba, kazi pekee, vifaa juu yangu. Wapo waliotaka pungufu. Sijutii hata shilingi moja ya hizo zilizozidi.

Niliwaamini kwa sababu ya mchanga. Lori lilimwaga mchanga wa mto kutoka upande wa Machakos, na kabla hata ya kugusa simiti fundi mkuu alitia kiasi kwenye chupa ya maji, akaitikisa, akaiacha itulie. Udongo ukajitenga juu ya mchanga, tabaka nene kabisa. Akaniita: "Mama, tukipiga plasta na huu, ukuta utapasukapasuka. Mwambie mwenye lori aje aubebe." Tulibishana sana na dereva lakini ukabebwa. Mzigo uliofuata ulikuja safi, na bado waliuchekecha.

Halafu maji. Jiwe la Ndarugo lina kiu. Ukilipaka plasta likiwa kavu, linafyonza maji ya mchanganyiko kabla simiti haijashika, na plasta haishikamani na ukuta. Ukiigonga kwa kidole inalia tupu. Choo chetu cha nje kilipigwa plasta mapema na watu wengine na upande wa mlango wote unalia hivyo. Hawa walisugua vumbi kwa brashi, wakamwagia ukuta maji, wakangoja uache kuchuruzika. Kisha wakaurushia kwa mwiko mchanganyiko mwepesi wa simiti na mchanga wa chembe kubwa, ili uso uwe na mikwaruzo ya kushikilia plasta yenyewe. Hatua hiyo wengi huiruka, na mwenye nyumba hawezi kujua baada ya rangi kupakwa.

Kipimo kilikuwa simiti moja kwa mchanga nne, wakipima kwa sanduku, si kwa kukadiria na beleshi. Walichanganya kidogo kidogo, kiishe ndani ya saa moja. Kilichoanza kukauka kwenye karai hawakukifufua kwa maji, walikitupa. Unene ni kama milimita 15, na mahali ukuta ulipopinda walipaka mara mbili, wakiiacha ya kwanza ishike, badala ya kulundika yote kwa mkupuo mmoja. Usawa waliupata kwa uzi na timazi. Sebuleni niliweka ubao mrefu ukutani, sikuona mwanga ukipita.

Jambo jingine nililolipenda ni waya wa kuku. Waliupigilia pale jiwe linapokutana na mkanda wa zege, na juu ya mifereji aliyochimba fundi wa stima, kwa sababu zege na jiwe havitanuki sawa jua likiwaka na ufa huanzia hapo hapo. Mpaka sasa sijaona hata mmoja.

Sasa kasoro. Pembe za madirisha mawili hazikuwa za mraba, na fremu za chuma ziliachwa zimejaa matone ya simiti. Niliwaita, wakarudi wakazirekebisha bila malipo, ila fremu nilisugua mwenyewe. Asubuhi pia walichelewa mara kwa mara, na hilo liliniudhi kwa sababu jua la Januari si la kupigia plasta ya nje saa sita.

Kumwagilia plasta ni gharama ya kupangia mapema. Walinisisitizia niimwagilie asubuhi na jioni wiki nzima, na ukuta unaotazama magharibi niufunike kwa magunia yaliyoloa. Maji ya mfereji huku ni ya mgao, kwa hiyo nilinunua ya boza. Ulizia bei hiyo kabla hujaanza kazi.

Fundi wa rangi ananipigia simu karibu kila siku akitaka kuanza. Nimemwambia plasta itimize siku 28 kwanza, kwa sababu simiti mbichi huchoma rangi na unyevu wake huifanya ibambuke.