Uzoefu wangu: kukodi gari-nyumba na kwenda na mbwa kutoka München hadi Ziwa Garda

Nianze na jibu, kwa mwenye haraka. Kama una mbwa na unaishi Ulaya, gari-nyumba, yaani lile gari lenye vitanda, jiko na choo ndani, ni usafiri mzuri kuliko wote niliowahi kujaribu, mradi safari ipangwe kwa kufuata joto ambalo mbwa wako anaweza kulivumilia. Ukipanga kwa kufuata picha za ufukweni, mbwa atateseka na ninyi mtateseka naye.

Mbwa wetu anaitwa Njugu. Ni jike, chotara, uzito wake karibu kilo 20, na umri umeshaanza kumlemea miguu ya nyuma. Tumewahi kumpandisha treni, tumewahi kulala naye hotelini, na tumewahi kumwacha kwa walezi wa kulipwa. Hotelini ndiko alikopata shida zaidi: kila usiku harufu mpya, kila hatua kwenye korido ni adui, na sisi tunamnyamazisha hadi alfajiri. Ndani ya gari-nyumba mambo yalikuwa tofauti tangu mwanzo. Tulihama nchi, lakini mkeka wake ulikuwa palepale chini ya meza, bakuli lake palepale kando ya mlango, na harufu ni ya kwetu. Alilala usingizi mzito. Kwa mbwa mzee hilo lina thamani kubwa kuliko kitanda cha hoteli ya nyota nne.

Gari tulilokodi lilijengwa juu ya Fiat Ducato, uzito wa juu tani 3.5, kwa hiyo leseni ya kawaida ya daraja B inatosha. Sakafu yake ni ya plastiki ngumu, ukipitisha tambara lenye maji matope yote yanaondoka. Kati ya jiko na choo kuna nafasi ya kutosha mbwa kujigeuza bila kukanyagwa. Hayo ni mazuri. Ngazi ya mlangoni sikuipenda: ni ya chuma chenye matundu, nayo inatisha mbwa wengi kwa sababu wanaona ardhi chini ya miguu yao. Njugu aligoma kabisa kuipanda. Tuliifunga kipande cha zulia la mpira kwa kamba, na tangu hapo akawa anapanda na kushuka mwenyewe. Nenda na zulia lako kabisa.

Jambo lingine ni mahali pa mbwa wakati gari linakwenda. Sheria za barabarani za Ujerumani zinamhesabu mbwa kama mzigo unaopaswa kufungwa usiteleze. Kwenye gari dogo kuna buti au kiti cha nyuma, ila kwenye gari-nyumba lazima uulize mapema. Sisi tulimvalisha mkanda wa kifua na kuuunganisha na kifungio cha mkanda wa kiti cha nyuma, naye akilala sakafuni mbele ya kiti hicho. Gari lisilo na viti vya nyuma vyenye mikanda nisingelikodi kabisa.

Sasa joto, maana hapo ndipo safari yetu ilipotaka kuharibika. Tulivuka Brenner, njia ya milimani kati ya Austria na Italia, ambako barabara hufika karibu mita 1,370 juu ya usawa wa bahari, hewa ikiwa safi na Njugu akiwa na furaha, kisha tukashuka hadi Ziwa Garda, kaskazini mwa Italia, mwishoni mwa Juni. Mtu aliyekulia Tanga kama mimi haogopi jua. Mbwa mwenye manyoya mazito hana pa kukimbilia. Kiyoyozi cha mbele hufanya kazi injini ikiwaka tu. Kiyoyozi cha darini kinataka umeme wa kambi, yaani mahali wasafiri hulipia kuegesha na kulala, na hapo ndipo wengi hukwama: kambi nyingi za Italia hutoa ampea 6, nyingine chini ya hapo. Ampea 6 kwa volti 230 ni wati 1,380 tu. Birika la umeme la kawaida peke yake linavuka hapo. Jirani yetu kambini aliwasha kiyoyozi na birika kwa pamoja, swichi ikajizima, na mhudumu mwenye ufunguo wa kisanduku alikuwa amekwenda chakula cha mchana. Fikiria mbwa angekuwa ndani na wenyewe wako mjini wanakula aiskrimu!

Kwa sababu hiyo hatukumwacha Njugu peke yake ndani ya gari wakati wa mchana, hata siku moja, hata kwa dakika za kununua mkate. Nje kukiwa na nyuzi 24 tu, gari la kawaida lililofungwa linaweza kufika nyuzi 34 ndani ya dakika 10, na 43 ndani ya nusu saa. Gari-nyumba lina kuta nene zaidi, lakini lina kioo kikubwa cha mbele kinachokusanya jua kutwa nzima. Mimi na mume wangu tulipokezana: mmoja dukani, mwingine kivulini na mbwa.

Kilichotusaidia Garda ni upepo. Upande wa kaskazini, kwenye miji ya Riva na Torbole, mchana huvuma upepo uitwao Ora kutoka kusini, na wenye mashua za matanga huusubiri kila siku. Tuliomba kiwanja chenye miti upande huo, tukafungua madirisha yote na tundu la darini, na kiyoyozi hatukukihitaji sana. Hata hivyo, baada ya siku chache niliona Njugu anahema hata usiku. Tukafunga virago, tukapanda hadi Toblach, mji wa milimani ambao Waitalia huiita Dobbiaco, juu ya mita 1,200. Usiku wa kwanza tulijifunika mablanketi. Asubuhi Njugu alitembea kandokando ya ziwa dogo la pale bila kusimama, mkia juu, kama vile miguu ile imerudishiwa miaka. Tungeenda huko moja kwa moja, ningeipa safari hii alama zote.

Kuhusu karatasi, ndani ya Umoja wa Ulaya mambo ni mepesi. Mbwa anahitaji chipu ya utambulisho chini ya ngozi, chanjo ya kichaa cha mbwa iliyochomwa baada ya chipu kuwekwa, na pasipoti ya mnyama anayoitoa daktari wa wanyama. Chanjo ya kwanza inakubalika siku 21 baada ya kuchomwa. Italia inataka uwe umebeba kifunga mdomo muda wote, hata kama mbwa wako ni mpole, na mjini kamba isizidi mita 1.5. Zile kamba ndefu za kujikunja ziache kwa matembezi ya porini.

Wenzetu mnaotaka kumleta mbwa kutoka Tanzania au Kenya, msichanganye mambo haya na yenu. Kwenu kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kwamba chanjo ya kichaa imeshika, damu hiyo huchukuliwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kisha husubiriwa miezi mitatu ndipo mbwa aingie. Anzeni mapema sana.

Nchi za Mediterania zina kala-azar ya mbwa, ugonjwa unaoletwa na vimelea. Watu wa Baringo na Turkana wanaujua ugonjwa wa jina hilo kwa binadamu. Huku mbwa ndio wanaoumia zaidi, na mwenezaji ni usubi, kadudu kadogo kanakouma kuanzia machweo. Daktari wetu alitupa kola yenye dawa ya kufukuza usubi na kupe, akataka ivaliwe kabla ya safari ili dawa ienee kwenye ngozi. Jua likizama tulimwingiza Njugu ndani na kushusha neti za madirisha.

Gharama sitazificha. Kiangazi, kodi ya gari la namna hii hupita euro 100 kwa siku. Kambini mbwa hulipiwa pia, sisi tulitozwa kati ya euro 3 na 8 kwa usiku. Barabara kuu za Austria zinataka stika ya ada ya barabara, na kipande cha Brenner hulipiwa kivyake juu ya stika hiyo. Kilichoniudhi ni mwisho: tulisafisha gari kwa mashine ya kufyonza vumbi hadi kwenye reli za viti, lakini waliotukodisha wakakata pesa ya usafi kwenye dhamana kwa sababu ya manyoya machache kwenye pazia. Mkataba uliruhusu mbwa na tulishalipa ada yake. Ulizeni ada hiyo inagharamia nini, na jibu liandikwe kwenye mkataba. Pigeni na picha za kila kona siku ya kupokea na siku ya kurudisha.

Mama yangu, ambaye kwake mbwa ni wa kulala nje na kulinda, alikuwa akipiga simu karibu kila jioni kuuliza tumefika wapi. Siku za mwisho alianza kuuliza kwanza kama Njugu amekula.

Tumeshaweka oda nyingine, Septemba, kwenda bonde la Soča huko Slovenia. Gari ni la ukubwa uleule, ila tumeomba lenye feni ya darini inayotumia betri, ili tusitegemee soketi ya kambi.